Maswali ya Wasomaji: Sirosisi, safura na homa ya manjano ni ugonjwa mmoja?

SWALI: Ndugu Mhariri, asalamu aleikum. Mwezi uliopita kaka yangu alilazwa hospitalini akiwa na tumbo lililojaa maji na macho yaliyobadilika rangi. Daktari aliandika kwenye karatasi neno moja, sirosisi, akatueleza kwa haraka kwamba ini limeharibika. Tulipomrudisha nyumbani bibi yetu alimtazama mara moja akasema, "Mato haya ni ya safura," na kwa kuwa sisi tunajua safura ni minyoo, tukamnunulia dawa ya minyoo. Shemeji yetu aliye Mombasa akasema kwa simu kwamba hiyo ni homa ya manjano, na kwamba yeye haimpati kwa sababu alichanjwa kabla ya safari yake ya nje. Lililotuumiza zaidi ni jirani aliyelisikia neno sirosisi akasema huo ni ugonjwa wa walevi, na kaka yangu hajapata kuonja pombe maishani mwake. Naomba unieleze neno hili lina maana gani, limetoka wapi, na kama kweli ndani yake mna pombe.

Dada wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amjaalie kaka yako shifaa. Naanza na lile lililokuumiza. Ndani ya neno sirosisi hamna pombe, hamna mlevi, wala halimo jina la kitu chochote kinacholeta ugonjwa. Mna rangi tu.

Mtu aliyelitunga anajulikana na mwaka wake unajulikana, jambo ambalo ni nadra kwa majina ya maradhi. Ni René Laennec, tabibu Mfaransa aliyezaliwa Quimper mwaka 1781, yule yule ambaye mwaka 1816 alikunja karatasi zikawa bomba, akaliweka kwenye kifua cha mgonjwa na kusikia mapigo ya moyo, akawa ndiye asili ya kile chombo ambacho madaktari wanakivaa shingoni hadi leo. Kitabu chake juu ya kusikiliza kifua kilitoka mwaka 1819. Humo, alipokuwa akieleza habari za marehemu mmoja aliyekuwa na maradhi ya kifua pamoja na maji tumboni, alitia tanbihi kuhusu ini alilolikuta mwili ulipopasuliwa. Ini hilo lilikuwa limesinyaa likabaki thuluthi ya ukubwa wake wa kawaida, hata likawa limejificha mahali pake. Uso wake ulikuwa na vinundu na mikunjo. Na lilipokatwa lilionekana kana kwamba lote limeundwa kwa chembe ndogo za mviringo, nyingine zikiwa sawa na punje ya uwele na nyingine kubwa kidogo kuliko hizo. Rangi ya chembe zile ilikuwa manjano iliyoingia wekundu, na mahali pengine ikielekea kijani. Laennec akaona kwamba jambo hilo halina jina, akalitafutia neno katika Kigiriki cha kale. Alilolichagua ni kirrhos, ambalo ni jina la rangi inayokaribia ile ya manyoya ya simba, na kwa Kifaransa akaandika cirrhose. Ile k ya Kigiriki ikageuka s katika vinywa vya Wafaransa na Waingereza, nasi tukaipokea ikiwa s tayari.

Wapo wanaofundisha kwamba neno hili linatokana na skirrhos, neno jingine la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichokuwa kigumu. Kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa maneno yanakaribiana kwa sauti na ini lenye sirosisi ni gumu kweli. Lakini Laennec mwenyewe alieleza alikolitoa, na alilitoa kwenye rangi.

Ili uone tofauti ya ini zima na ini alilolieleza yeye, nenda asubuhi sokoni pale kando ya Ngome wakati mbuzi anapofunguliwa. Nilisimama hapo Jumanne iliyopita kwa ajili ya barua yako. Ini la mbuzi lilitoka jekundu la kuiva, karibu na zambarau, laini, likitetemeka kidogo mkononi mwa muuza nyama na kung'aa kama lililopakwa mafuta. Ukilibonyeza kwa kidole linabonyea na kurudi. Chini yake kilikuwa kimeshikamana kifuko cha nyongo, cha kijani, hakizidi urefu wa kidole changu. Muuza nyama hakukivuta. Alikikata pamoja na kipande chembamba cha ini akakitupa mbali, kwa sababu kikipasuka tu, kila kilicho jirani kinakuwa kichungu na hakiliki tena. Tunaposema kwamba mambo yametumbukia nyongo, maana yake ndiyo hiyo, nasi wengi wetu tumeisahau kwa sababu hatuchinji wenyewe.

Ini lililo zima hupitisha damu kama sifongo inavyopitisha maji. Damu yote itokayo matumboni, ikiwa imebeba chakula kilichoyeyushwa na pia sumu tulizozimeza, hupita humo kwanza ikachujwa kabla haijafika moyoni. Likijeruhiwa mara moja hujirudisha, kwa kuwa ini lina uwezo wa kuota upya ambao viungo vingine vikubwa vya ndani havina. Likijeruhiwa kila siku kwa miaka mingi, kila jeraha huacha kovu. Makovu yakaungana yakawa kuta, na ndani ya kuta hizo nyama ya ini iliyosalia ikajaribu kuota ikawa vile vinundu. Laennec alidhani chembe zile ni kitu kigeni kilichoota ndani ya ini na kulila, kumbe zilikuwa ni ini lenyewe likijitetea. Jina likabaki, ingawa maelezo yalibadilika, na baadaye madaktari wakalitumia hata kwa mapafu na figo zilizojaa makovu, viungo ambavyo havina umanjano wowote. Hivyo neno lililozaliwa likiwa na maana ya rangi limekuja kuwa na maana ya kovu.

Umeandika kwamba tumbo la kaka yako lilijaa maji. Wewe ni mtu wa Lamu, bila shaka umewahi kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, wakati maji yakipwa, ukaona majahazi na mashua zimejazana upande mmoja zikingojea maji yajae kwa sababu njia imekuwa nyembamba na ya kina kifupi. Damu inayotoka matumboni hukuta hali kama hiyo mbele ya ini lenye makovu. Haipiti, inarundikana nyuma, mishipa inafura, na majimaji yake hujipenyeza hadi kwenye nafasi ya tumbo. Kwa sababu hiyo miguu na mikono ya mgonjwa hukonda huku tumbo likikua, na watu wasiojua wakasema ananenepa.

Sasa habari ya pombe. Ni kweli kwamba pombe ikinywewa kwa wingi na kwa miaka huharibu ini na kuleta sirosisi. Tabibu Matthew Baillie wa London alikwisha kuandika mwaka 1793, kabla neno lenyewe halijatungwa, kwamba maini magumu yenye vinundu aliyaona zaidi kwa watu waliozoea vileo. Kutoka kwenye ushahidi kama huo, katika nchi ambazo pombe kali ilikuwa imejaa mijini, watu wakazoea kuona sirosisi na ulevi kuwa kitu kimoja, na mazoea hayo yakasafiri pamoja na vitabu hadi huku kwetu. Lakini njia za kufikia makovu hayo ni nyingi. Virusi vya hepatitisi B, ambayo ni mojawapo ya maradhi ya ini, vinavyokaa katika damu tangu utotoni huleta sirosisi. Virusi vya hepatitisi C vivyo hivyo. Mafuta yanayojazana katika ini, hasa kwa wenye kisukari na uzito mkubwa, huileta pia. Na yako maradhi ambayo mwili hulishambulia ini lake wenyewe. Katika bara letu hepatitisi B ni miongoni mwa sababu kubwa, na wengi walio nayo waliipata wakiwa watoto wachanga au wadogo, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kutoka kwa watoto wenzao, kabla hawajajua hata kutamka neno pombe. Jirani yako amelisikia neno la rangi akaligeuza hukumu. Ukipata nafasi mwambie kwa upole, maana maneno kama yale humwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili, na wapo waliokataa kwenda hospitalini kwa kuchelea kupachikwa jina hilo.

Bibi yenu naye anastahili kusikilizwa, kwa kuwa neno alilolitumia ni kongwe kuliko sirosisi na lina ukoo mrefu. Safura imetoka katika Kiarabu, safra, nalo ni umbo la kike la asfar, yaani rangi ya manjano. Matabibu wa Kiarabu na Kiajemi, akiwamo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, waliurithi kutoka kwa Wagiriki ule mfundisho kwamba mwili unaendeshwa na vimiminika vinne, navyo ni damu, balghamu, safra na sauda. Safra ni nyongo ya manjano na sauda ni nyongo nyeusi. Angalia jinsi Kiswahili kilivyopokea elimu hiyo hata bila kitabu: damu tumeichukua, belghamu tumeichukua tukaipa maana ya kohozi zito, na safra tumeichukua tukaitamka safura. Nyongo nyeusi peke yake haikupata makao katika mazungumzo yetu ya kawaida. Na nikiruhusiwa kutoka nje ya njia kidogo, sufuria iliyoko jikoni kwako ni ndugu wa safura, kwa maana jina lake limetokana na sufr, shaba ya manjano, na herufi za asili ni zile zile tatu.

Kwa hiyo safura ya asili ilikuwa ni maradhi ya nyongo na ya umanjano, na bibi aliyeona macho ya manjano akataja safura hakukosea hata kidogo kwa lugha aliyoirithi. Imekuwaje basi sisi tukaijua safura kuwa ni minyoo? Njia ilipita kwenye rangi tena. Iko minyoo midogo inayoingia mwilini kupitia ngozi ya miguu iliyo mitupu, ikafika matumboni na kunyonya damu. Mtu aliyenyonywa hivyo kwa muda mrefu hupauka, uso na viganja vikapoteza damu na kuelekea umanjano, mwili ukavimba, na wengine hutamani kula udongo. Watu wakaona kupauka na kuvimba, wakaita safura. Baadaye hospitali zilipogundua kwamba chanzo ni minyoo, zikaipa minyoo yenyewe jina hilo, na leo vitabu vya afya vinaandika minyoo ya safura pasipo kukumbuka nyongo. Bibi na mfamasia wametumia neno moja kwa maana mbili zilizopishana karne kadhaa, na kaka yako akanywa dawa isiyomhusu. Msimlaumu bibi, wala msijilaumu. Ila mwambieni daktari kwamba alipewa dawa hiyo, na tangu sasa asipewe dawa yoyote, ya dukani wala ya mitishamba, kabla ya kuuliza, kwa sababu dawa nyingi husafishwa na ini na la kwake halina nguvu ya zamani.

Lililobaki ni la shemeji yenu, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kwa kawaida neno homa ya manjano hutumika nchini mwetu kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza ni ugonjwa maalumu wa virusi vinavyoenezwa na mbu, ule uliozuka Isiolo mwaka 2022, ambao msafiri huchanjwa na kupewa kile cheti cha manjano cha kuonyesha uwanja wa ndege. La pili ni hali yoyote ya macho na ngozi kuwa manjano, iwe imeletwa na hepatitisi, na sirosisi, na jiwe lililoziba njia ya nyongo, au na kitu kingine. Chanjo ya shemeji inamkinga na ule ugonjwa wa mbu tu. Haimkingi na hepatitisi B hata chembe, na akiendelea kuamini kwamba inamkinga huenda asipimwe kamwe.

Umanjano wenyewe ni ishara. Chembe nyekundu za damu huishi kiasi cha siku 120, kisha huvunjwa, na katika kuvunjwa kwake hutoka rangi inayoitwa bilirubini, jina lililoungwa kwa Kilatini kutokana na bilis, nyongo, na ruber, nyekundu. Kazi ya ini ni kuichukua rangi hiyo na kuitoa kwa njia ya nyongo. Ini likishindwa, au njia ikiziba, rangi hubaki katika damu na kuonekana kwanza kwenye weupe wa jicho, kisha kwenye ngozi, kama vidole vya mtu aliyetwanga manjano vinavyobaki na rangi hata baada ya kunawa. Wagiriki waliita hali hiyo ikteros, Waarabu yarakani, Wafaransa wakaitoa kwenye neno lao la rangi ya manjano, nasi tukafanya vile vile. Kila taifa limetaja rangi, kwa kuwa rangi ndiyo iliyoonekana kabla ya hadubini.

Mimi nasema wazi kwamba majina ya namna hii yametutumikia vya kutosha, na Kiswahili kinaweza kutaja sababu pale sababu inapojulikana. Mfano upo na ni mzuri. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu, na kiungo kilichoangamia kwao kilikuwa ni ini. Kwa sumu ile tunalo neno sumukuvu, ambalo kila msikilizaji akilisikia anajua la kufanya: akaushe mahindi yake vizuri, na yaliyoota kuvu asiyale. Kwa sirosisi ningependa tuandike makovu ya ini, na katika vijarida vingine vya afya nimekwisha kuona maneno yanayokaribia hayo. Mgonjwa akiambiwa ana makovu ya ini, swali linalofuata huja lenyewe ulimini: makovu ya nini?

Hilo ndilo swali mnalopaswa kurudi nalo kwa daktari. Muulizeni kama kaka yenu amepimwa hepatitisi B na C na majibu yamesemaje. Ikiwa ni B, basi ninyi mlioishi naye nyumba moja, pamoja na mke na watoto wake, mpimwe nyote, na asiyekuwa nayo achanjwe.

SWALI: Mwanangu wa wiki sita alichomwa sindano ya kwanza kwenye zahanati, na muuguzi akaniambia kwamba mojawapo ya chanjo zilizomo ni ya hepatitisi B. Neno hepatitisi lina maana gani, na je, hiyo B ni daraja ya ukali, yaani ni kali kuliko A na ni nafuu kuliko C?

Mama wa Matondoni

JIBU: Herufi hizo hazipimi ukali. Mwaka 1947 daktari Mwingereza, F. O. MacCallum, aliona kwamba wagonjwa wa ini ni makundi mawili, wale walioupata ugonjwa kwa chakula na maji na wale walioupata kwa damu, akapendekeza kundi la kwanza liitwe A na la pili B. Virusi vyenyewe havikuwa vimeonekana bado. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg wa Marekani alikuta katika damu ya mwenyeji mmoja wa Australia kitu ambacho kilikuja kutambulikana kuwa ni sehemu ya virusi vya B, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1976. D iligunduliwa Italia mwaka 1977. Wakati huo walikuwapo wagonjwa wengi ambao hawakuwa na A wala B, na kwa miaka mingi ugonjwa wao uliitwa hivyo hivyo, usio A wala B, mpaka mwaka 1989 virusi vyao vilipotambuliwa vikaitwa C. Iko na E. Ni mpangilio wa alfabeti tu, kama vyumba vya darasa. Kwetu kisiwani ni vyema kukumbuka kwamba A na E hupita kwenye maji yaliyochanganyika na uchafu wa choo, ndiyo maana kisima kilichochimbwa karibu na shimo la choo ni hatari, hata kama maji yake ni matamu na maangavu kama yale yatokayo chini ya michanga ya Shela. B, C na D hupita kwa damu na majimaji ya mwili.

Neno lenyewe limeundwa kwa sehemu mbili, na sehemu yake ya pili ina siri ambayo msemaji wa Kiswahili ataielewa haraka kuliko Mwingereza. Hepar kwa Kigiriki ni ini, na likiunganishwa na neno jingine huwa hepat-. Kiishio -itis leo hufahamika kuwa na maana ya kiungo kuvimba na kupata moto, lakini hapo mwanzo hakikuwa na maana ya uvimbe wala moto. Kilikuwa kiunganishi tu, mfano wa -a yetu ya uhusiano. Wagiriki walisema hepatitis nosos, na nosos ni ugonjwa. Kama sisi tunavyosema ugonjwa wa ini, homa ya ini, maradhi ya ini, tukibadilisha wa na ya kwa kufuata ngeli ya jina lililotangulia, vivyo hivyo wao walichagua -itis kwa sababu nosos iko katika jinsia ya kike na sifa yake ilibidi ikubaliane nayo. Kisha jina likadondoka, kikabaki kiunganishi pamoja na ini. Hepatitisi, ukiitafsiri neno kwa neno, ni "wa ini". Matabibu wa Ulaya wa karne ya 18 ndio walioanza kukitumia kiishio hicho kwa maradhi ya kuvimba peke yake, na sasa wanakibandika kwenye kila kiungo.

Tanzania wameshika homa ya ini, nami naiona ni bora kuliko homa ya manjano kwa sababu inataja kiungo na kuepuka mkanganyiko ule niliomweleza dada wa Langoni. Ila ina upungufu wake, kwa kuwa mtu anaweza kukaa na hepatitisi B miaka thelathini bila homa hata siku moja. Uvimbe wa ini nao haufai, maana watu wanaposikia uvimbe wanawaza saratani.

Usikose kumpeleka mtoto kwa sindano za wiki ya 10 na ya 14. Chanjo hii, kwa kuzuia virusi vya B, huzuia pia makovu ya ini na saratani ya ini inayoletwa na virusi hivyo.

SWALI: Kwa nini tunasema tumekula maini ilhali mbuzi ana ini moja? Na kwa nini maneno makali huitwa ya kukata maini, si ya kukata moyo?

Msomaji wa Shela

JIBU: Ini la mbuzi ni moja lakini limegawanyika mapande, na likifika jikoni hukatwa vipande vingi, hivyo chakula kimechukua umbo la wingi. Hospitali imebaki na umoja. Anayesema maini yananiuma anasikika kama mtu wa zamani. Anayesema ini linaniuma ametoka kwa daktari.

Kukata moyo na kukata maini ni mambo mawili, na tofauti yake ni nzuri. Aliyekata moyo amepoteza tamaa na ameacha kujaribu. Aliyekatwa maini ameumizwa, anasikia uchungu ndani kabisa, wala si lazima awe amekata tamaa. Kuliweka ini kuwa makao ya hisia si jambo la Waswahili pekee. Wazulu, ndugu zetu wa Kibantu, wana neno isibindi ambalo ni ini na pia ni ushujaa. Wamalei husema hati, na neno hilo ni ini na ni moyo wa mapenzi. Waarabu humwita mtoto kipande cha ini, na mzazi yeyote aliyekesha na mtoto mwenye homa anajua kwa nini.

Na kwa kuwa umetaja maini ya kula, nikupe jambo moja zaidi. Kilatini kilikuwa na neno lake la ini, jecur, neno kongwe lenye heshima zake. Lakini Warumi walipenda kuwalisha bata bukini kwa tini ili maini yao yanenepe, na chakula hicho wakakiita jecur ficatum, yaani ini la tini. Sokoni watu wakalikata jina, wakasema ficatum tu, na baada ya karne kadhaa ficatum ikalifukuza jecur moja kwa moja: Mtaliano akawa na fegato, Mhispania hígado, Mfaransa foie, na yote hayo ni majina ya ini lolote, hata la binadamu, hata lile alilolieleza Laennec. Nao Wagiriki wa leo wanaposema sykoti wanataja tini vile vile, ilhali hepar wamewaachia madaktari. Kwa Kiswahili tini na ini yanalingana kwa sauti tu. Tini tumelipata kwa Waarabu, na ini ni letu tangu mwanzo.